Mafundi wa Mfuo Mmoja

Mgonjwa wa lukemia ya limfositi, ile inayokwenda polepole na kuwapata zaidi wazee, akiandikiwa venetoklaksi hapewi dozi yake kamili siku ya kwanza. Wiki ya kwanza ni miligramu 20 kwa siku. Ya pili 50, ya tatu 100, ya nne 200. Wiki ya tano ndipo anapofika 400. Siku mbili kabla ya kidonge cha kwanza anaanza kunywa maji, lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na kila anapopanda ngazi damu yake inapimwa upya. Ukiiona ratiba hiyo utadhani madaktari wanaogopa dawa isiwe sumu mwilini. Wanachoogopa ni dawa kufanya kazi yake upesi mno. Seli za saratani zikifa kwa wingi ndani ya saa chache humwaga potasiamu na fosfeti kwenye damu, asidi ya yuriki inapanda, figo zinaelemewa, na potasiamu ikizidi moyo hupoteza mapigo yake.

Nimeisoma ratiba hiyo mara nyingi, na kila mara naona humo mkono wa fundi. Fundi hasa hutambulikana kwa namna anavyokituliza chombo chenye makali, si kwa namna anavyokipiga. Na ngazi ya vidonge ni hatua ya mwisho tu. Nyuma yake kuna karibu miaka 50 ya watu waliokaa wakitazama jambo moja: seli inakufaje, na ni nani anayeizuia isife.

Nianze na John Kerr, mpatholojia wa Australia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa London, alikuwa akifunga tawi la mshipa unaopeleka damu kwenye ini la panya, kisha anatazama kinachotokea upande ulionyimwa damu. Kuna seli zilizokufa kwa namna iliyokwisha kujulikana: zinavimba, zinapasuka, na pembeni yake nyama inawaka uvimbe. Lakini mahali palipobaki na uhai aliona seli mojamoja zikinywea, zikijikunja, zikikatika vipande vidogo vilivyofungwa vizuri kama vifurushi, na seli jirani zikavimeza bila fujo. Wengine walikuwa wameviona vifurushi hivyo wakapita zao. Kerr hakupita. Aliviweka chini ya hadubini ya elektroni, akaendelea navyo kwa miaka, na mwaka 1972 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Andrew Wyllie na Alastair Currie, wakaandika kwamba hiki ni kifo cha aina yake, chenye utaratibu wake. Jina walipewa na James Cormack, profesa wa Kigiriki wa chuo kilekile: apoptosisi, yaani kupukutika, kama majani yanavyoacha mti. Sioni haja ya kulihangaikia neno la Kigiriki wakati letu lipo. Jani lililopukutika halikung'olewa na mtu.

Huko Cambridge, John Sulston alijipa kazi ambayo mtu mwenye haraka angeikimbia. Alikuwa na mnyoo wa urefu wa milimita moja, mwenye mwili unaopitisha mwanga. Akakaa kwenye hadubini na kuifuata kila seli inapogawanyika, akichora kwa mkono, tangu yai hadi mnyoo kamili. Hesabu iliyotoka ni ya kushangaza kwa usafi wake: seli za mwili 1,090 huzaliwa, 131 hupukutika, zinabaki 959. Na ni zilezile 131 katika kila mnyoo. Robert Horvitz, aliyefanya naye kazi kabla ya kwenda Massachusetts, alitumia ramani hiyo kutafuta minyoo ambayo seli hizo hazikufa, na kwa njia hiyo akazipata jeni zinazoamuru kifo. Mwaka 2002 wawili hao pamoja na mwenzao Sydney Brenner walipewa Tuzo ya Nobel. Mimi namheshimu zaidi yule aliyechora. Huwezi kujua seli imekataa kufa kama hujajua kwanza kwamba siku yake ilikuwa imefika.

Upande wa saratani jambo hili liliingia kwa mlango wa uani. Mwaka 1984 na 1985, huko Philadelphia, Yoshihide Tsujimoto na Carlo Croce walikuwa wakichunguza aina ya limfoma ambamo kipande cha kromosomu ya 18 hukatika na kwenda kujiunga na kromosomu ya 14. Pale penye kiungo walikuta jeni, wakaiita BCL-2. Siku hizo jeni ya saratani ilitarajiwa kuwa kichocheo, kitu kinachoisukuma seli igawanyike ovyo. Mwaka 1988 David Vaux, mwanafunzi wa uzamivu katika Walter and Eliza Hall Institute mjini Melbourne, akifanya kazi na Suzanne Cory na Jerry Adams, aliipandikiza BCL-2 kwenye seli za damu ambazo haziishi bila kulishwa intaleukini-3. Seli hazikuongeza kasi. Ni rahisi kuwaza angeishia hapo na kuandika kwamba jeni haina lolote. Badala yake aliziondolea ile intaleukini. Seli za kawaida zikafa. Zenye BCL-2 zikakaa palepale, hazigawanyiki, hazifi.

Jaribio hilo ni dogo kiasi cha kufundishika shuleni, na lilibadili maana ya saratani. Uvimbe hauhitaji kuzaa haraka ili ukue. Unaweza kukua kwa sababu wafu wake hawaondoki.

Sasa tuingie ndani ya seli, maana uzuri wa kazi iliyofuata haueleweki bila kuiona sehemu yenyewe. Kila seli ina mitokondria, yale majiko ya nishati, na ndani yake imehifadhiwa protini iitwayo saitokromu C. Ikiwa ndani inasaidia kutengeneza nishati. Ikitoka nje inawasha vimeng'enya viitwavyo kaspesi, navyo huikatakata seli kutoka ndani. Wanaotoboa ukuta wa mitokondria ni protini mbili, BAX na BAK, na wakishaanza hawasiti: saitokromu C hutoka yote ndani ya dakika tano hivi. BCL-2 ndiyo inayowashika mikono wasitoboe. Upande wa pili kuna wajumbe, mmojawapo akiitwa BIM, wanaotumwa seli inapoharibika au inaponyimwa chakula. BCL-2 humkamata BIM na kumfunga, na seli inaendelea kuishi na kasoro zake.

Hapo ndipo penye mzizi wa usugu wa saratani kwa tiba. Dawa nyingi za kemotherapi haziui seli kwa mkono wake zenyewe. Moja inaharibu DNA, nyingine inavuruga nyuzi zinazogawanya kromosomu, nyingine inainyima seli malighafi. Lakini zote humalizia kwa kupeleka ujumbe kwenye mitokondria ileile. Njia ni nyingi, mlango ni mmoja. Seli iliyoufunga mlango huo kwa BCL-2 inaweza kuzikataa dawa tano zisizo na undugu wowote, na daktari akabaki anaongeza dozi mpaka mgonjwa ndiye anayeumia.

Na kinyume chake ni kweli. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika, ugonjwa unaoitwa kwa jina lake hadi leo. Ni saratani inayokua kwa kasi ya kutisha, lakini baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu za saiklofosfamidi. Baadaye ikajulikana kwamba katika ugonjwa huo jeni ya MYC, kutoka kromosomu ya 8, imehama mahali pake. MYC huikimbiza seli na papo hapo huisogeza ukingoni mwa kifo, na hiyo ni sehemu ya sababu ya uvimbe kuyeyuka unaposukumwa kidogo. Maabara yaleyale ya Melbourne yalizalisha panya wenye MYC iliyovurugwa kwa mfano wa ugonjwa wa Burkitt, kisha panya wenye MYC na BCL-2 kwa pamoja. Hao wa pili walipata saratani mapema zaidi sana. Mmoja anakanyaga mafuta, mwingine ameondoa breki.

Anthony Letai, akiwa Boston, aliufanya ukingo huo upimike. Huchukua seli za mgonjwa, huzitoboa utando kidogo, huziingizia vipande vifupi vilivyoigwa kutoka kwa BIM na ndugu zake, halafu hutazama ni kwa kiasi gani mitokondria zinakubali kutobolewa. Seli iliyo karibu kufa hujibu kwa kipande kidogo. Iliyo mbali haijibu. Na kwa kubadilisha vipande anaweza kujua ni mlinzi gani anayeishikilia: BCL-2, au ndugu zake BCL-XL na MCL-1. Mwaka 2011 kundi lake lilionyesha kwamba wagonjwa ambao seli zao za saratani zilikuwa karibu na ukingo kabla ya tiba ndio walioitikia vizuri kemotherapi.

Basi mfuo. Seremala anaujua: ule mchirizi unaochongwa kwenye ukingo wa ubao ili ulimi wa ubao wa pili uingie na kukaa. Uso wa BCL-2 una mfuo wa namna hiyo, na BIM hushikwa kwa kulaza humo ulimi wake, kipande kifupi kilichosokotwa kama skrubu. Ukipata kitu kingine cha kujaza mfuo, BIM atafunguliwa. Kusema hivyo ni rahisi. Wanakemia wengi waliona haiwezekani, kwa kuwa mfuo wenyewe ni mrefu na wa juujuu, mafuta matupu, hauna kishimo kirefu ambamo molekuli ndogo ya dawa ingejishikiza.

Stephen Fesik na wenzake katika kampuni ya Abbott, kaskazini mwa Chicago, walianza kwa kuupima. Mwaka 1996 walichapisha umbo la BCL-XL, na mwaka uliofuata wakaonyesha jinsi ulimi wa BAK unavyolala kwenye mfuo. Kisha wakatumia njia waliyoibuni wenyewe. Protini inawekwa kwenye sumaku yenye nguvu kubwa, na atomu zake zinasikika kila moja kwa sauti yake. Wakaziletea molekuli ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, maelfu yake, wakisikiliza ni sauti zipi zinazobadilika. Molekuli moja ikagusa upande huu wa mfuo, kwa ulegevu. Nyingine ikagusa upande ule, kwa ulegevu zaidi. Hakuna hata moja ambayo mtu angeiita dawa. Walichofanya ni kuziunganisha kwa kiungo cha urefu sahihi, na vilegevu viwili vikawa kitu kimoja chenye mshiko.

Hata hivyo kilikuwa hakifai. Kwenye damu kilinaswa na albumini, protini iliyojaa humo, na hakikufika kokote. Wakalisoma umbo la albumini pia, wakaona inakishika wapi, wakaongeza vipande pale ambapo vingeikera albumini bila kuugusa mfuo. Mwaka 2005 ikatoka ABT-737, yenye mshiko mara laki kadhaa kuliko kile kipande cha kwanza. Ilifanya kazi kwa panya, lakini haikufaa kumezwa. Ikafuata ndugu yake wa kumezwa, navitoklaksi.

Na hapo wakakutana na chembe sahani, zile zinazogandisha damu jeraha linapotokea. Wagonjwa waliopewa navitoklaksi chembe sahani zao zilishuka. Sababu ilikuwa imekwisha kuonyeshwa Melbourne mwaka 2007: chembe sahani haina kiini, haiwezi kutengeneza protini mpya kwa wingi, na inaishi siku chache kwa akiba ya BCL-XL iliyozaliwa nayo. Akiba ikiisha, inakufa. Navitoklaksi iliziba mfuo wa BCL-2 na wa BCL-XL bila kubagua, kwa hiyo ilikuwa ikiisogeza mbele saa ya kila chembe sahani. Dawa ilikuwa sahihi, ilikosa ubaguzi.

Sehemu inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mifuo ya ndugu hawa wawili inafanana kama mapacha. Wanakemia walitengeneza navitoklaksi iliyokatwa kipande kimoja, wakaikausha pamoja na BCL-2 mpaka ikawa fuwele, wakaipiga eksirei. Katika picha wakaona kitu ambacho hawakukitega: kwenye tundu lililoachwa wazi na kile kipande kilichokatwa, asidi amino moja ya BCL-2 jirani, triptofani, ilikuwa imejipenyeza na kukaa. Mtu mvivu angesema ni takataka za fuwele. Wao wakauliza triptofani imepata nini pale. Wakaona imekaribia asidi amino ya 103 ya BCL-2, aspatati, na kwamba kwa BCL-XL mahali hapohapo pana glutamati. Tofauti ya aspatati na glutamati ni atomu 3, moja ya kaboni na mbili za haidrojeni. Wakachonga kipande kinachoiga triptofani, wakakiunga kwenye dawa kielekee kwenye hizo atomu 3. Dawa ikaanza kuwatofautisha mapacha. Ndiyo venetoklaksi, iliyotangazwa kwenye majarida mwaka 2013. Chembe sahani ziliachwa zimalize siku zake.

Wagonjwa wa kwanza waliipata mwaka 2011, baadhi yao Melbourne, chini ya madaktari akiwemo Andrew Roberts. Hapo ndipo ngazi ya vidonge ilipozaliwa, na haikuzaliwa bila gharama. Katika kundi la kwanza la watu 56, watatu walipatwa na madhara makubwa ya seli kufa kwa mkupuo, na mmoja akafariki. Ratiba ikashushwa na kupangwa upya, ikaanzia chini zaidi. Katika kundi lililofuata la watu 60 hakuna hata mmoja aliyepatwa na madhara hayo. Kwa jumla, wagonjwa 79 kati ya kila 100 waliitikia dawa, wengi wao wakiwa wameshindikana kwa tiba za awali. Mwezi Aprili 2016 Marekani iliiidhinisha.

Katika lukemia kali ya mieloidi, ugonjwa mwingine na wa haraka zaidi, venetoklaksi peke yake haikutosha. Ikaunganishwa na azasitidini kwa wagonjwa ambao, kwa umri au maradhi mengine, hawawezi kuvumilia kemotherapi nzito. Matokeo ya mwaka 2020: nusu ya waliopata dawa zote mbili waliishi miezi 14.7 au zaidi, dhidi ya miezi 9.6 kwa azasitidini pekee. Miezi mitano. Sitaki kuipamba hesabu hiyo, wala kuidharau. Aliyewahi kumuuguza mzee wake anajua miezi mitano ni nini.

Usugu nao ukarudi, na ukarudi kwa ustadi. Seli nyingine huhamia kwa mlinzi mwingine: zinaacha kumtegemea BCL-2 na kumtegemea MCL-1, jambo linaloonekana hasa katika lukemia kali ambazo seli zake zimekwisha kuwa na tabia ya monositi. Dawa za kuziba mfuo wa MCL-1 zipo, lakini majaribio kadhaa yalisimamishwa baada ya dalili za kuumia kwa moyo kuonekana. Seli nyingine humpoteza BAX; hata ukimfungua mjumbe, mtoboaji hayupo.

Lakini la kustaajabisha liliandikwa mwaka 2019, na ni Melbourne tena. Watafiti walichunguza wagonjwa 15 ambao lukemia yao ya limfositi ilirudi wakiwa bado wanameza venetoklaksi. Kwa 7 kati yao, asidi amino ya 101 ya BCL-2 ilikuwa imebadilika, glisini imekuwa valini. Ilianza kuonekana baada ya miezi 19 hadi 42 ya tiba. Valini ni nene kidogo; inamsukuma jirani yake, jirani anaingia mahali ambapo ncha ya dawa ilikuwa inakaa, na mshiko wa dawa unapungua takriban mara 180. BIM hana shida. Ulimi wake unaingia na kufungwa kama zamani. Saratani haikuubomoa mfuo, kwa kuwa inauhitaji. Iliupiga randa mahali pamoja tu, mfuo ukaikataa dawa na kumpokea BIM.

Mafundi wamerudi kwenye mfuo uleule. Sonrotoklaksi, dawa mpya ya ukoo huo iliyotengenezwa na kampuni iliyojulikana wakati huo kama BeiGene, imechongwa ili ishike hata pale penye valini, na katika maabara imeshika. Tofauti ya glisini na valini ni atomu 9: tatu za kaboni, sita za haidrojeni.